Viatu Vikavu vya Bombay

Manyatta, Jumatano alasiri

Wawira,

Mimi ni mzima, na wewe nimekuona saa saba ukimaliza githeri na kukwangua sufuria, kwa hivyo mambo ya hujambo tuyaache. Umeenda Kanja kumuaga cucu yako. Hatakuachilia kabla ya kukuombea, na mama yangu akianza kuomba hupitia kila mtu wa ukoo kwa jina, hata wale aliokosana nao. Nina muda. Nimefunga duka, nikamwambia Njeru aje Ijumaa kuchukua redio yake. Akaniuliza, "Bombay, wewe ndiye unasafiri ama ni msichana?" Nikamwambia ni msichana, mimi nachoka tu kwa niaba yake.

Habari ya pasipoti sitaandika, wala ya maji ya kuchemsha, wala ya mkoba usiompa mtu akushikie. Shangazi yako amerudia hayo mpaka nadhani hata kuku wa hapa wanaweza kupita uwanja wa ndege bila shida. Nakuandikia kwa sababu ya daftari la mama yako, lile la jalada la bluu, ambalo nimeliona juu kabisa ya sanduku lako, juu ya vyeti vya shule na barua ya chuo.

Jumapili, mzee wa kanisa aliposema huna cha kuogopa kwa sababu unaenda mji ambao baba yako aliutembea wote, wewe uliliinua daftari hilo ukasema, "Nitapiga picha kila mahali alipofika baba." Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Nadhani nilipiga kuliko wote.

Wawira, katika mahali kumi na moja palipoandikwa humo, mimi sijafika hata mahali pamoja.

Kaa kwanza. Kama uko kwenye ndege umekaa tayari, na huwezi kurudi kunipigia kelele. Nimeihesabu hiyo pia. Naogopa kwamba ukimaliza kusoma hutaniita baba kwa sauti ile ile, lakini naogopa zaidi ukurasa wa pili, ule unaosema ukitoka stesheni kubwa uteremke tu na barabara dakika kumi, utaliona Lango la India. Bombay haina kuteremka. Ukifuata maneno hayo utapotea, na nitakuwa nimekupoteza mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa hapa Manyatta.

Sasa nieleze tangu mwanzo, na unisamehe nikienda polepole.

Ulikuwa na miaka saba. Moyo wa mama yako ulikuwa na vali isiyofunga vizuri, damu inaenda na inarudi, hata kutoka hapa mpaka bomba la maji alikuwa anapumzika mara mbili. Daktari akasema hiyo inatengenezwa India. Watu wakachanga: kanisa, wachuma chai, walimu, hata wale Waislamu wa Meru walionipatia redio za kutengeneza. Na unajua desturi yetu. Watu wakichangia safari yako hawataki kurudishiwa kitu, wanataka ripoti. Unasimama mbele Jumapili, unaeleza uliondoka saa ngapi, ulikula nini, watu wa huko wamekaa aje. Anayerudi bila ripoti ni kama alijificha kwa shemeji yake Nairobi.

Tulifika mvua ikinyesha. Mvua ya kule si kama ya hapa inayokuja saa nane na kuondoka saa kumi kama mwalimu wa zamu. Ile ilikuwa imehamia kabisa na watoto wake. Kutoka uwanja wa ndege mpaka hospitali mama yako aliona vioo vya gari na maji, basi. Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumanne asubuhi akaniambia, "Baba Wawira, leo nenda ukaone lile Lango la India. Tutaulizwa, na mimi nitakuwa nimeona dari tu."

"Nikuache peke yako?"

"Niko na masista kumi na wawili. Wewe uko na miguu miwili. Enda."

Nikaenda. Na hapa ndipo nilifanya kosa ambalo halingefanywa na mtu wa Nakuru wala wa Kisumu, ni la mtu wa huku kwetu tu. Hapa hakuna mtu mzima anayepotea. Juu ni msitu na Mlima, chini ni mji wa Embu, na baada yake ni joto. Ukichanganyikiwa kabisa unaangalia maji yanaelekea wapi, unayafuata mpaka mtoni, na ukiuona mto unajua uko shamba la nani. Basi nilipotoka kwa treni pale stesheni kubwa, nikaona mvua ikikimbia kando ya barabara, nikajiambia: maji yanaenda baharini, na Lango liko baharini. Nikayafuata. Nilijiona mjanja sana. Wenyeji walikuwa wamejikinga chini ya paa za maduka, wakimtazama mwanamume mmoja mgeni anatembea ameinama, anachungulia mtaro kama ameangusha jino.

Baada ya kama nusu saa maji yakasimama. Halafu yakaanza kurudi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bahari ikijaa, mitaro ya mji ule inatapika. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikageuka nikarudi nayo. Nikaingia mtaa wa watu wanaogonga vyuma, nikatokea mtaa wa vitambaa, nikarudi kwa vyuma, maji yakiwa yamefika kwenye mashavu ya miguu. Nikamuuliza muuza ndizi, kwa Kiingereza changu, juu ni wapi. Akanionyesha mbinguni.

Nilirudi hospitali giza likiingia. Kitanda cha mama yako kilikuwa kitupu. Mgonjwa wa siku ile alikuwa amepata homa, daktari akasema nafasi isipotee, wakamchukua mama yako saa nane. Alitia sahihi mwenyewe. Sista mmoja, mama mzito mwenye miwani, aliangalia viatu vyangu vinavyomwaga maji juu ya sakafu yake safi, akaniambia, "Aliuliza mara mbili uko wapi. Nikamwambia umeenda kutembea."

Umeenda kutembea. Nimetengeneza redio miaka thelathini na tano, nimesikia matangazo ya vifo, ya vita, ya njaa, lakini sijasikia maneno mawili mabaya kuliko hayo.

Alipoamka siku ya pili, mdomo umekauka, kitu cha kwanza kuniuliza kilikuwa, "Umeliona Lango?"

Ningesema nini? Kwamba nilifuata mtaro? Nikamwambia, "Nimeliona. Ni kubwa kuliko kanisa letu, limejengwa kwa mawe ya rangi ya chai ya maziwa, na njiwa hawahesabiki." Nilikuwa nimeona picha yake kwenye kalenda ya pale mapokezi. Akafunga macho akatabasamu. Huo ulikuwa wa kwanza. Uongo wa kwanza ni mgumu kama kuwasha jiko la kuni mbichi. Ule mwingine unajiwasha wenyewe.

Akawa ananituma kila asubuhi. "Leo nenda kisiwa cha mapango." "Leo nenda ile barabara ya pwani." Nami nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hakuna mtu atamwambia tena mke wangu nimeenda kutembea. Kwa hivyo nilikuwa nikiaga, nateremka ngazi, napita ile njia yenye paa, naketi kwenye kibanda cha mlinzi wa geti mpaka jioni. Mahali pa kulala jamaa za wagonjwa palikuwa ndani ya ua huo huo. Wiki tatu nzima sikuvuka geti.

Mlinzi aliitwa Ramdas. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, vyote viliachia shule darasa la saba. Lakini tuligundua tuna maneno mengine ya kushirikiana: chai, chapati, rangi, kitabu, dunia, sabuni. Ukiwa na chai na dunia unaweza kuongea na mtu siku nzima. Alikuwa amekaa mji ule miaka ishirini na alikuwa na wivu nao, kama mtu anayesifia ng'ombe wa jirani. Nilimuuliza habari za kisiwa, akanichorea kwa chaki: mashua kutoka pale Langoni, saa nzima majini, halafu ngazi nyingi, halafu mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba, na mungu wao mwenye vichwa vitatu, mrefu kama mti. Akaniambia nyani wa huko huiba chakula mkononi mwa mtu.

Jioni nikamwambia mama yako, naye akaandika kwenye daftari hilo, kama alivyofanya kila jioni. Ule uso wa katikati nikasema umefanana na chifu wetu wa zamani akiwa amenyimwa pombe.

"Usinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

"Na nyani akaninyang'anya chapati."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwachia. Alikuwa mwenyeji."

Sista mwenye miwani akaja kumwambia anyamaze, akabaki kusikiliza.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile barabara iliyopinda kando ya bahari, ambayo ukiitazama usiku kutoka mlimani taa zake zimekaa kama mkufu shingoni. Hivyo ndivyo lilipatikana kaburi la mtu mtakatifu wa Kiislamu lililojengwa ndani ya bahari, na njia yake inafunikwa na maji yakijaa. Mimi nilisema nilivuka suruali nimekunja mpaka magotini. Hivyo ndivyo walipatikana wale dobi mamia kwa mamia chini ya daraja la reli, kila mmoja na birika lake la saruji, wanapiga nguo za mji mzima juu ya mawe. Mama yako alipenda sana hapo. Alisema angetaka kujua wanakumbukaje shati ni la nani.

Na kiatu. Unakumbuka jinsi ulivyokataa habari ya kiatu? Kwamba kuna bustani juu ya kilima cha matajiri na ndani yake kuna kiatu kikubwa kama nyumba, watoto wanaingia chini wanatokea dirishani. Ulikuwa na miaka minane, ukaniambia, "Baba, sasa hapo umedanganya." Kumbe katika mambo yote niliyosema, hilo ndilo nilikuwa na hakika nalo kuliko mengine, kwa sababu Ramdas aliapa kwa mama yake, na mtu hawezi kutunga kitu cha kijinga kiasi hicho.

Kitu kimoja tu ni changu kweli. Mahindi ya kuchoma. Wanayauza pale kando ya bahari wakati wa mvua, wanayapaka ndimu na pilipili. Siku moja Ramdas alikuja nayo zamu ya mchana, yamefungwa kwa gazeti, bado yana moto. Nilikula nikiwa getini, mvua ikinyesha mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba pengine mji ule si adui yangu. Lakini sikutoka.

Tuliporudi, ripoti ilitolewa na mama yako. Alisimama mbele na daftari hilo akasema dakika arobaini bila kupumzika, yeye ambaye alikuwa hawezi kufika bombani. Wamama walilia. Mimi nilikuwa naangalia kofia yangu. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Bombay, na mwaka uliofuata fundi mmoja wa rangi akaandika kwenye kibao cha duka, bila kuniuliza, *Bombay Redio*. Nimeketi chini ya kibao hicho miaka kumi na mmoja. Mtu akileta redio mbovu ananiuliza habari za nyani.

Hapo ndipo nilikosea kweli, Wawira. Uongo wa hospitalini naweza kuutetea mbele ya mtu yeyote. Shida ni uliofuata. Mama yako alipopata nguvu aliniambia, "Nataka kuiona bahari. Nimelala kando yake wiki tatu na sijaiona." Mombasa ni safari ya siku moja. Nilimwambia mwaka ujao. Nilisema kuna redio nyingi, kuna chai ya kuchuma, kuna karo yako ya shule pale Kaaga. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kushuka kwenye basi mahali pasipo na Mlima, nikiwa na mke ambaye anaamini mimi ni mtu wa kutembea miji mikubwa. Angeniona nikichungulia mtaro. Nikamnyima bahari ili nisipoteze jina la Bombay. Kila mwaka ulikuwa ujao, mpaka ikaisha.

Ule mwezi wake wa mwisho, wewe ukiwa shuleni, alipenda kukaa nje asubuhi anaota jua. Mimi nilikuwa natoa matope kwenye buti za shamba. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Bombay hukuwa na kazi hiyo."

"Kazi gani?"

"Ya kupangusa viatu."

Nikasema kule kuna lami.

"Baba Wawira. Mvua ile. Ilikuwa imeziba dirisha, sista anaingia na sketi imelowa, na wewe unatoka kisiwani kwa mashua umekauka kama mahindi ya ghalani."

Niliendelea kupangusa buti moja ambayo ilikuwa safi tayari.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kisiwa. Na Ramdas wako alimwambia sista mashua haziendi wakati wa mvua, bahari ikichafuka wanazifunga."

"Na ulikuwa unanituma kila asubuhi!"

"Nilikuwa nataka kusikia utasema nini." Akacheka, akashika kifua kwa ile tabia ya nyuzi, ingawa nyuzi zilitoka zamani. Halafu hakucheka tena. "Siku ile ya upasuaji viatu vyako vililowa. Sista aliniambia. Basi baada ya hapo kila jioni ukiingia nilikuwa naangalia viatu kwanza. Nikiona vimekauka, najua hukutoka, ulikuwa hapo chini. Nalala."

Nikamuuliza, na ile ripoti ya kanisani? Alisimama mbele ya watu wa Mungu akisema uongo wangu?

"Mimi nilisema, 'Baba Wawira ameniambia.' Fungua daftari uone. Kila mahali nimeanza hivyo. Na isitoshe, watu walichangia moyo. Moyo si ulirudi?"

Nilitaka kumwambia twende Mombasa kesho. Nilifungua mdomo. Alikuwa amechoka, ameegemeza kichwa ukutani, na wote wawili tulijua kwamba hawezi kufika hata Manyatta stendi. Akaniambia nimletee uji.

Baada ya mazishi ndipo nilifungua daftari. Ni kweli, kila ukurasa unaanza na *Baba Wawira ameniambia*. Wewe umeusoma mara mia ukadhani ni maneno ya mapenzi, na labda ni hayo pia. Lakini kuna ukurasa wa mwisho kabisa, ule ulioshikana na jalada, ambao nadhani hujauona. Nimeubandua leo kwa mvuke wa birika. Ameandika neno *Bahari*, na mbele yake, *bado*. Hakuandika zaidi.

Sasa wewe. Jumamosi ulikuwa unaanika nguo, ukaniambia bila kugeuka kwamba kuna chuo hapa Embu kinafundisha hiyo kazi ya dawa, si lazima uende mbali hivyo, nani atanipikia. Mimi nilisema najua kupika. Ukasema, "Unajua kuchemsha." Ni kweli. Lakini nilisikia kile hukusema. Unataka kukaa getini kwangu. Unataka niangalie viatu vyako jioni, nivione vimekauka, nilale.

Mama yako alihitaji hilo kwa wiki tatu, amepasuliwa kifua. Mimi sijapasuliwa. Nimezeeka kidogo na nimechoka kidogo, na huo si ugonjwa wa kulindwa na msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikaa getini kwa mapenzi, halafu nikakaa kwa woga, na mtu akiwa amekaa kwenye kibanda kile hawezi kuona ni siku gani kukaa kwa mapenzi kulikwisha na kukaa kwa woga kukaanza. Hilo tu ndilo nimejifunza Bombay, ambako sijafika.

Kwa hivyo daftari hili ulisome kama hadithi ya mama na baba yako, si kama ramani. Njia uliza watu, na uwaulize kulia na kushoto, usiwaulize juu. Maji ya mtaroni yaache yaende yanakotaka. Nenda kisiwani mvua ikiisha, uniambie kama uso wa katikati kweli una kiu. Nenda kwenye kile kiatu, uingie, hata kama watoto watakucheka. Kuna soko la vitu vya zamani ambalo Ramdas alinitajia, ambalo sikumwambia mama yako kwa sababu lilinitia tamaa mpaka nikaona uchungu: wanauza redio za vali, za mbao, zenye kitambaa mbele. Usininunulie. Iwashe tu moja usikie kama inanguruma kabla ya kusema.

Lakini kwanza, kabla ya Lango na kabla ya chuo, siku ile ile utakayofika, nenda pale barabara ya pwani. Utakuta mvua bado. Wanasema wakati huu mawimbi yanaruka ukuta yanapiga watu, na watu wanasimama hapo kwa makusudi wapigwe. Nunua hindi, waambie wazidishe ndimu. Simama mbele, usisimame nyuma kama mimi. Lile neno *bado* ulifute kwa mkono wako, uandike unachotaka.

Nasikia mbwa wanabweka kwa njia, nadhani umemaliza kuombewa. Naficha hii ndani ya daftari.

Ukifika, picha za majengo usijisumbue, nimeyaona kwenye kalenda. Nitumie picha ya viatu vyako. Nikiona vimelowa, nitalala.

Baba yako,
ambaye watu bado wanamwita Bombay